Mwongozo Kamili wa Kumjenga Mhusika wa Kichekesho Ambaye Mtazamaji Atamwamini

Miswada ya filamu fupi za vichekesho ninayoletewa niisome huharibika mahali pamoja, ingawa kosa lenyewe lina sura mbili. Katika sura ya kwanza, mhusika hufanya mambo ya kiwendawazimu tangu ukurasa wa kwanza, kwa kuwa mwandishi anaamini kwamba kichekesho hakidai akili. Mtazamaji hucheka mara moja, kisha hunyamaza mpaka mwisho. Katika sura ya pili, mwandishi amekwisha kuonywa kuhusu kosa hilo, akaamua kwamba mhusika wake atatenda kila jambo kama jirani yake anavyotenda, na kinachopatikana ni filamu ya kweli isiyomchekesha mtu.

Swali wanaloniuliza waandishi hao ni kama wahusika wa vichekesho wanalazimika kutenda kama watu halisi. Jibu langu, ambalo mwongozo huu mzima umesimama juu yake, ni kwamba matendo yao yanaweza kwenda mbali kadiri unavyotaka, lakini haja inayowasukuma, hofu inayowabana na hesabu wanayoipiga kichwani kabla ya kutenda lazima viwe vya mtu tunayemjua.

## Mahitaji

Andaa vitu hivi kabla ya kuanza, kwa sababu ukikatiza kazi katikati ili kuvitafuta utapoteza uzi wa hadithi:

- Muswada wa kwanza usiozidi kurasa 12. Ukurasa mmoja wa muswada hukaribia dakika moja ya filamu, na kwa anayejifunza dakika 12 zinatosha.
- Kalamu mbili, nyekundu na ya bluu.
- Karatasi moja kubwa ya kubandika ukutani.
- Simu ya kurekodi sauti.
- Watu wawili wanaoweza kusoma mazungumzo kwa sauti.
- Wasomaji watatu ambao hawajasikia chochote kuhusu hadithi yako. Wasiwe waandishi wenzako, maana mwandishi hukusamehe makosa ambayo mtazamaji hatakusamehe.

## Mfano tutakaoufuata

Kibwana ni mweka hazina wa kamati ya harusi ya mpwa wake. Amekabidhiwa michango anunue mbuzi watano, lakini fedha hizo amemkopesha rafiki yake, aliyeahidi kuzirudisha kabla ya Ijumaa. Jumatano jioni kamati inataka kuwaona mbuzi. Mbuzi aliyeko karibu ni mmoja tu, tena wa jirani, na kabla ya usiku kwisha Kibwana atakuwa amempitisha mbuzi huyo mbele ya kamati mara nne kama mbuzi wanne tofauti, na mara ya tano atakuwa amelazimika kulia kama mbuzi yeye mwenyewe.

Ukiusimulia mwisho huo peke yake, hakuna atakayekubali kwamba mtu mzima mwenye heshima zake anaweza kufanya hivyo. Kazi yetu ni kumfikisha hapo huku mtazamaji akikubali kila hatua.

## Hatua ya 1: Andika haja na hofu katika sentensi moja

Juu ya karatasi ya ukutani andika sentensi yenye umbo hili: fulani anataka jambo fulani kabla ya wakati fulani, kwa sababu anaogopa jambo fulani. Kwa Kibwana: anataka kuifikisha Ijumaa bila kamati kujua kwamba fedha hazipo, kwa sababu anaogopa kumwaibisha dada yake, mama wa bwana harusi, ambaye ndiye aliyesimama mbele ya ukoo na kusema kwamba kaka yake ni mtu wa kuaminika.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba mtazamaji hapimi tendo kwa kulilinganisha na maisha yake. Hulipima kwa kulilinganisha na haja ya mhusika. Akishajua Kibwana anaogopa nini, atamruhusu kufanya mambo ambayo yeye mwenyewe asingeyafanya.

Onyo: "anataka kuwa tajiri" au "anataka kupendwa" si haja inayofaa, kwa kuwa haina siku wala saa, na mtu asiye na haraka hana sababu ya kufanya jambo la ajabu. Hofu nayo iwe ya ukubwa wa mtu. Ukimtishia Kibwana kwa kifo umeandika hadithi ya aina nyingine. Aibu mbele ya ndugu inatosha kabisa, na kwetu aibu hiyo humsumbua mtu kuliko deni.

Utajua umefaulu mtu akiisoma sentensi hiyo na kukuuliza, "Sasa atafanyaje?"

## Hatua ya 2: Chagua jambo moja tu ambalo mtazamaji atakubali bila maelezo

Kila kichekesho kina haki ya jambo moja lisilo la kawaida. Linaweza kuwa sadfa, au hata jambo lisilowezekana kabisa duniani. Katika filamu ya Marekani ya mwaka 1993, Groundhog Day, mtangazaji wa hali ya hewa anaamka kila asubuhi na kukuta ni tarehe 2 Februari ile ile, na filamu haielezi popote kwa nini. Watazamaji hawakulilalamikia hilo, kwa sababu baada ya jambo hilo moja mhusika anatenda kama ambavyo mtu yeyote angetenda: anaogopa, kisha anatambua kwamba hakuna adhabu ya kesho na kuanza kutumia nafasi hiyo vibaya, kisha anakata tamaa, na mwishowe anaanza kujifunza. Siku ni ya uongo, lakini moyo wa mtu huyo ni wa kweli.

Weka jambo lako ndani ya sehemu ya kwanza ya filamu, kwa Kibwana ndani ya dakika mbili. Kwake jambo hilo ni kwamba umeme umekatika usiku ule ule kamati ilipofika. Hii ni sadfa, nami nimeitumia nafasi yangu yote hapo.

Onyo: sadfa inayomtia mhusika matatani hukubaliwa, lakini sadfa inayomwokoa hukataliwa. Umeme uliokatika unamshawishi Kibwana kujaribu udanganyifu ambao mchana asingethubutu kuujaribu, kwa hiyo unamzamisha zaidi. Lau rafiki yake angetokea na fedha wakati kamati inamhesabia Kibwana mbuzi wa tano, mtazamaji angejiona amepotezewa muda.

## Hatua ya 3: Weka sheria ya maumivu

Hatua hii ni fupi. Amua sasa hivi kama katika filamu yako mtu akianguka anaumia au haumii, kisha usibadilishe tena. Ikiwa dakika ya pili mzee ameporomoka kutoka juu ya mnazi, akajipangusa vumbi na kuendelea na safari yake, huwezi dakika ya tisa kumlaza mtu hospitali kwa sababu ya kofi. Katika filamu ya Kibwana watu wanaumia kama kawaida, ndiyo maana anapiga magoti kwenye kokoto kwa uangalifu mkubwa.

Sheria hiyo hiyo huongoza sauti, lafudhi na mavazi. Benson Wanjau, aliyemwigiza Mzee Ojwang' katika kipindi cha Vitimbi kwenye runinga ya Kenya, alimtia chumvi mzee huyo katika matamshi na mwendo, lakini alimtia kwa kiasi kile kile wiki baada ya wiki, hata watazamaji wakamchukulia kama mtu wa mtaani kwao. Chumvi isiyobadilika hugeuka kuwa tabia ya mhusika, na ile inayopanda na kushuka humkumbusha mtazamaji kwamba kuna mtu anaigiza.

## Hatua ya 4: Jenga ngazi kutoka jambo la busara hadi jambo la ajabu

Tenga nusu ya muda wako wote kwa hatua hii. Chora ngazi kwenye karatasi ya ukutani. Chini kabisa andika jambo la busara ambalo mhusika angelifanya kwanza, na juu kabisa andika jambo la ajabu unalotaka kufikia. Kisha jaza katikati kwa kanuni moja: kila tendo jipya liwe tendo dogo kuliko yote linaloweza kumwokoa kwa dakika tano zijazo.

Kwa Kibwana ngazi inapanda hivi. Kwanza anasema mbuzi wako kwa mfugaji. Hilo ni jibu la busara, na wengi wetu tungelitoa. Kamati inafurahi na kusema itakwenda kwa mfugaji huyo kesho asubuhi. Sasa jibu lake la busara limemfunga, hivyo anasema hakuna haja ya safari, kwani mbuzi wamekwisha kuletwa na wako uani kwake. Kamati inasimama na kuelekea kwake usiku huo huo. Anatangulia kwa njia ya mkato, anaazima mbuzi wa jirani, na anaomba kamati ikae barazani iletewe mbuzi mmoja mmoja, kwa kuwa uani ni padogo na mbuzi hao hawajazoeana. Ombi hilo linaingia akilini kabisa, na hapo ndipo ngazi inapoanza kuinama bila mtazamaji kutambua.

Mbuzi anapita mara ya kwanza. Katibu, akimmulika kwa simu, anasema ana baka jeupe zuri kwenye paji la uso. Kwa maneno hayo Kibwana hawezi tena kumrudisha mbuzi huyo na baka lake. Uani, mkewe ameshika sufuria ya ubwabwa iliyotoka kwenye kuni. Kibwana anapitisha kiganja chini ya sufuria, anapaka masizi kwenye paji la mbuzi, anafuta vidole kwenye ukuta, anarudi barazani na mbuzi mweusi. Mara ya tatu anamfunga kitambaa mguuni na kusema huyu alijikwaa njiani, ila nyama yake ni nzuri. Mara ya nne anamfunika gunia na kueleza kwamba mbuzi huyu ana baridi. Mara ya tano mbuzi amechoka, amelala chini na amegoma kunyanyuka. Kamati inaita kutoka barazani. Kibwana, akiwa ndani ya kanzu yake, anapiga magoti nyuma ya ua wa makuti na kulia kama mbuzi.

Angalia kwamba hakuna mahali alipoamua kuwa mwendawazimu. Kila mara alichagua kitu cha bei rahisi kuliko kusema ukweli, na bei ya ukweli ilikuwa ikipanda kila mbuzi alipopita. Hapo ndipo kichekesho kinapopatana na uhalisia: mtu yeyote aliyewahi kusema uongo mdogo kuulinda uongo mwingine anaijua ngazi hii.

Onyo la kwanza: usiruke kidato, yaani kipandio cha ngazi. Waandishi wengi hutoka kwenye jibu la mfugaji moja kwa moja hadi kulia kama mbuzi, kwa sababu hapo ndipo wanapoona kicheko kilipo. Kicheko kimelala katika vidato vya kati, na kidato cha juu ndipo kinapoamka.

Onyo la pili: usirudie kidato. Kama mbuzi wa pili amepakwa masizi, wa tatu asipakwe matope. Njia iliyokwisha kutumika imekwisha kuchoka, tena mtu anayebanwa hubadilisha mbinu.

Utajua umefaulu ukifunika kidato chochote kwa kiganja na ngazi ikakatika. Kidato ambacho hadithi inaendelea vizuri bila ya kuwapo kwake kiondoe, hata kama unakipenda.

## Hatua ya 5: Wape wahusika wengine akili

Hapa ndipo miswada mingi niliyoisoma ilipovunjika. Mwandishi anamjenga mhusika mkuu kwa uangalifu, kisha anamzungushia watu wasioona, wasiosikia na wasiouliza, ili udanganyifu ufanikiwe. Mtazamaji haulizi tena kama Kibwana anaweza kumpaka mbuzi masizi. Anauliza inakuwaje watu wazima watano wasitambue mbuzi mmoja. Swali hilo likishaingia kichwani mwake, halitoki.

Dawa si kuwafanya wajinga zaidi. Mpe kila mmoja sababu yake ya kutoona au ya kuona na kunyamaza, na sababu hiyo itokane na haja yake mwenyewe. Chora mistari miwili kwa kila mtu: anataka nini usiku huu, na ana hasara gani akiufichua ukweli.

Mwenyekiti haoni vizuri gizani, naye hataki ijulikane, kwa kuwa bado anatafuta kibarua cha udereva. Anasifu kila mbuzi kwa sauti kubwa kabla hajaletwa karibu. Katibu ana haraka, mkewe amempigia simu mara mbili. Na Mama Zuhura, ambaye ndiye mhusika ninayempenda kuliko wote katika hadithi hii, anamtambua mbuzi tangu alipopita mara ya pili, kwa sababu anamwona kila siku akila maua ya uzio wake. Lakini Mama Zuhura aliahidi mchango mkubwa mbele ya watu na hajatoa hata shilingi. Anajua kwamba fedha zikianza kuhesabiwa, daftari litasomwa na jina lake litatajwa. Kwa hiyo mbuzi anapopita mara ya tatu, anamtazama mguu uliofungwa kitambaa, anamtazama Kibwana, na kusema, "Maskini, pole yake."

Maneno matatu hayo hubeba kicheko kikubwa kuliko mbuzi mwenyewe, kwani sasa watu wawili wanadanganya, kila mmoja anamlinda mwenzake, na hakuna aliyemwambia mwenzake kitu. Usingeyapata kwa kumfanya Mama Zuhura kipofu.

Utajua umefaulu utakapoweza kusimulia sini (onyesho) nzima kwa upande wa mhusika mdogo kuliko wote, nayo ikabaki na maana.

## Hatua ya 6: Pitia muswada kwa kalamu mbili

Soma muswada mstari kwa mstari. Kila tendo au neno ambalo mhusika analitoa kwa ajili ya haja yake, lipigie mstari wa bluu. Kila ambalo liko hapo ili watazamaji wacheke tu, lipigie mstari mwekundu. Usijidanganye: mhusika anayeteleza kwenye ganda la ndizi lililokuwa limekaa tu njiani ni mwekundu, lakini anayeteleza kwenye ganda alilolitupa mwenyewe akificha ushahidi ni wa bluu.

Si lazima ufute kila chekundu. Katika kichekesho cha dakika moja au mbili cha kurushwa mtandaoni, ambacho mtazamaji anakiangalia huku akisubiri daladala, unaweza kuishi kwa nyekundu tupu, kwa sababu hakuna muda wa maswali kuzaliwa. Vivyo hivyo kwa mhusika apitaye mara moja: mlevi anayevuka barabara akiimba hadai historia ya maisha yake. Filamu inapozidi dakika tano, nyekundu mbili zikifuatana tayari ni tatizo, nazo uzigeuze moja kuwa bluu au uiondoe.

## Hatua ya 7: Fanya mazoezi kana kwamba hakuna kichekesho

Waite wasomaji wako wawili na uwaombe wasome sini ngumu kuliko zote kama wanavyoongea watu walio katika shida ya kweli. Warekodi. Wakataze wote, wewe ukiwamo, kucheka, kukodoa macho na kuvuta midomo.

Mfano bora wa jambo hili ninaoujua una miaka 100 hivi. Katika The Gold Rush ya mwaka 1925, Charlie Chaplin ni mtafuta dhahabu aliyefungiwa na theluji kwenye kibanda, na njaa inamfanya achemshe kiatu chake. Kula kiatu ni jambo ambalo mtu wa kawaida hafanyi. Tazama sasa anavyokila: anakigeuza sufuriani kwa umakini wa mpishi, anakikata kama nyama laini, anazungusha kamba za kiatu kwenye uma kama tambi, na misumari anaifyonza kama mifupa ya kuku. Chaplin hatutolei jicho wala hatuombi tucheke. Anafanya kile ambacho mtu mwenye staha hufanya anapokula chakula duni, yaani anakilinda kisionekane duni. Baadaye, mwenzake anapoanza kumwona yeye kama kuku mkubwa, tunalikubali hilo pia, kwa sababu tumeiona njaa ikipanda. Kiatu kilichotumika kilitengenezwa kwa pipi nyeusi ya mizizi ya susi, lakini njaa ya mhusika haikuwa ya kuigiza.

Kwa hiyo mwigizaji wa Kibwana asilie kama mbuzi ili kuchekesha. Alie kama mtu anayemwomba Mungu mlio huo ufanane na wa mbuzi, kwani dada yake ameketi barazani anasikiliza.

Onyo: usitatue sini isiyochekesha kwa kumwambia mwigizaji "tia mbwembwe". Rudi kwenye Hatua ya 4 utazame ni kidato gani kimekosekana.

Utajua umefaulu ukisikiliza rekodi ukiwa umefumba macho, ukamwonea huruma mhusika na ukacheka kwa wakati mmoja.

## Hatua ya 8: Wape wasomaji watatu na uhesabu swali moja tu

Wape wasomaji muswada, ukae nao kimya. Usiwaulize kama wamependa. Waombe wakusimamishe kila wanapojiuliza, "Kwa nini asifanye jambo fulani badala yake?" Weka alama ya swali pembeni mwa ukurasa. Swali lililoulizwa na msomaji mmoja unaweza kuliacha. Lililoulizwa na wawili lazima ulijibu ndani ya hadithi, na jibu liwe tendo, lisiwe maelezo yanayosemwa na mhusika.

Katika muswada wa kwanza wa Kibwana wasomaji wote watatu waliuliza swali moja: kwa nini asimwombe dada yake msamaha, yaishe? Nilikuwa nimemwandikia sentensi ya kujieleza, nayo haikusaidia kitu. Niliifuta na kuandika sini ya nusu ukurasa mwanzoni kabisa, ambamo Kibwana anakwenda kwa dada yake Jumatano asubuhi akiwa ameamua kusema kila kitu. Anapofungua mdomo, dada yake anamtolea kanzu mpya aliyoidunduliza miezi mitatu, ya kumshukuru kwa kuibeba harusi ya mwanawe, na anamvisha palepale mbele ya wifi zake. Kibwana anaifunga vifungo, anasema ahsante na kuondoka.

Kanzu hiyo ndiyo anayoipigia magoti kwenye kokoto usiku, viganja vikiwa na masizi. Nilipompa muswada uliorekebishwa msomaji wa nne, hakuuliza tena kuhusu msamaha. Alipofika mwisho aliniuliza Kibwana atamwambia nini dada yake kuhusu yale masizi kwenye kanzu.